Kutoka Kwata hadi Sayansi ya Mwili

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, katika nchi iliyoitwa wakati ule Ujerumani ya Magharibi, askari mmoja wa Polisi ya Uganda aliinama penye mstari wa kuanzia katika njia ya kwanza ya uwanja. Njia hiyo haipendwi na wakimbiaji. Ndiyo ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote, na mtu mrefu aliye katika mwendo wa kasi hupata taabu kuuzuia mwili wake usisukumwe nje. Mbele yake vilikuwako viunzi kumi. Katika njia nyingine walikuwako David Hemery wa Uingereza, mwenye rekodi ya dunia tangu michezo ya Mexico ya mwaka 1968, na Ralph Mann wa Marekani. Askari huyo, John Akii-Bua, mwenye umri wa miaka 22, alimaliza mita 400 kwa sekunde 47.82. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na mwanadamu aliyekwisha kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, wala Uganda haikuwa imepata medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi katika kambi za polisi na za jeshi, na barabara moja ya Nakasero, mjini Kampala, inaitwa kwa jina lake. Lakini katika masimulizi hayo liko jambo moja linalosahauliwa, nalo ndilo lenye faida kubwa kwa taifa leo. Akii-Bua alifundishwa. Ushindi wake ulitokana na elimu yenye waalimu, hesabu na kanuni zake, na elimu hiyo hakuipata darasani. Baba yake alifariki mwaka 1964, na masomo yake yakakatika mapema. Alipovaa sare ya polisi ndipo alipokutana na watu waliojua jinsi mwili wa mwanadamu unavyojengwa. Basi inafaa kuuliza kwa nini elimu hiyo ilikaa kambini na haikukaa shuleni, na kwa nini safari yake ya kutoka kambini kwenda shuleni imekuwa ndefu namna hii.

Jibu linaanzia mbali. Vita vya Makaburu vya Afrika Kusini, vilivyopiganwa kati ya 1899 na 1902, viliwashtua wakuu wa Uingereza, kwa sababu vijana wengi wa mijini waliotaka kuingia jeshini walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Mwaka 1902 serikali ya nchi hiyo ilitoa mafunzo ya mfano kwa ajili ya shule, nayo yalifuata mafunzo ya jeshi karibu katika kila jambo. Watoto wadogo walipangwa mistari, wakageuzwa kulia na kushoto, wakanyosha mikono kwa amri ya mtu mmoja. Waalimu na madaktari walilalamika kwamba mtoto si askari mdogo, na kwamba mafunzo yanayomfaa mtu mzima aliyekwisha kukomaa mifupa yanaweza kumdhuru anayekua. Mafunzo yale yakabadilishwa mwaka 1904, na mitaala iliyofuata, ya 1909, 1919 na 1933, ikaendelea kusogea polepole, ikiacha amri ya sajini na kuelekea mahitaji ya mtoto.

Uganda iliingia katika historia hiyo wakati huo huo. Mwaka 1902 ndipo jeshi la King's African Rifles lilipoundwa, na kikosi chake cha nne kikawa cha Uganda. Mwaka huo huo shule ya Namilyango ilifunguliwa, ikafuatwa na Gayaza mwaka 1905 na Budo mwaka 1906. Kwa hiyo kambi ya askari na shule ya bweni zina umri mmoja katika nchi hii, na tangu mwanzo zilifanana katika kengele za alfajiri, mistari na ukaguzi wa usafi. Kutoka shule za mabwana wa Uingereza zilikuja mechi za mpira na kriketi, zilizosifiwa kwamba hujenga tabia. Kutoka jeshini ilikuja kwata. Kijana wa Uganda akajifunza kucheza na akajifunza kutii, lakini hakuelezwa kwa nini moyo wake unapiga haraka anapokimbia, wala kwa nini misuli inauma siku ya pili, wala chakula gani kinajenga mfupa.

Hapana askari atakayeidharau kwata. Inawafanya watu mia wawe kitu kimoja, na bila ya hiyo hakuna kikosi. Lakini kwata humwamuru mwili bila ya kuuelewa, na majeshi yenyewe yaliligundua jambo hilo kwa hasara. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, jina lake Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba miguu na kushindwa kutembea baada ya safari ndefu, hali hawakuanguka wala hawakupigwa. Ilipovumbuliwa picha ya eksirei, mwishoni mwa karne hiyo, ndipo ilipoonekana kwamba mifupa ya miguu ile ilikuwa na nyufa. Tangu wakati huo madaktari wa majeshi ya dunia wameona jambo hilo hilo kwa makuruti wa kila taifa: kijana ambaye mwili wake haukuzoeshwa, akitwishwa ghafla mbio na mizigo ya kambi, hupasuka muundi au mifupa ya wayo katika majuma ya mwanzo. Mfupa huongezeka nguvu kwa kutumiwa, lakini huhitaji muda. Mkufunzi anayejua hivyo huongeza mzigo kidogo kidogo na kutoa siku za kupumzika. Asiyejua humwita kuruti mvivu, na humpoteza askari ambaye taifa lilikwisha kumlipia gharama.

Jambo hili ndilo linaloifungamanisha kambi na shule. Kuruti anayeripoti akiwa na miaka 18 au 20 ameuleta mwili uliokwisha kujengwa au kuachwa. Umri wa kukua haraka, ambao mifupa na mapafu hupokea mafunzo kuliko wakati mwingine wowote, aliumaliza akiwa mwanafunzi wa sekondari. Kama hakufundishwa huko, kambi inaweza kurekebisha, lakini haiwezi kuirudisha miaka hiyo.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili matunda ya kwanza yalianza kuonekana. Mwaka 1954, katika michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Vancouver, Patrick Etolu alipata medali ya fedha kwa kuruka juu. Mwaka 1956 Uganda ilipeleka wanamichezo wake wa kwanza katika Olimpiki, mjini Melbourne, na mmoja wao alikuwa Lawrence Ogwang, ndugu yake Akii-Bua. Miaka miwili baada ya uhuru, mwaka 1964, Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Michezo. Mwaka 1968 wanamasumbwi wawili, Eridadi Mukwanga na Leo Rwabwogo, walirudi kutoka Mexico na medali za kwanza za Olimpiki za nchi hii, mmoja fedha na mwingine shaba. Katika kilima cha Kyambogo, pembeni mwa Kampala, chuo cha ualimu kilikuwa kikiwaandaa waalimu wa shule, na mazoezi ya viungo yakapata nafasi miongoni mwa masomo yao. Lakini waalimu hao walikuwa wachache, na shule zilizowahitaji zilikuwa nyingi.

Polisi kwa upande wao walikuwa na viwanja, nidhamu na watu wenye muda wa kufanya mazoezi kila siku. Walikuwa na Jorem Ochana pia, askari aliyekuwa mwenyewe mrukaji hodari wa viunzi. Ndiye aliyemwona Akii-Bua na kumfundisha misingi. Inasimuliwa kwamba aliweka ufito juu ya kiunzi, ili kijana huyo mrefu alazimike kupita katikati, akiinamisha kichwa na kifua. Akiruka juu mno alijigonga paji la uso. Ilikuwa njia ya kikambi kweli kweli, yenye michubuko na damu, lakini ndani yake ilikuwamo kanuni: mtu anayeruka juu kupita kiasi hukaa hewani muda mrefu, na akiwa hewani hawezi kujisukuma mbele.

Mwaka 1968 aliwasili Malcolm Arnold, Mwingereza aliyekuja kuwa mkuu wa waalimu wa riadha Uganda. Jambo linalofaa kuangaliwa sana ni kazi aliyoifanya kabla ya kuja: alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule ya sekondari. Hakuwa bingwa wa dunia. Alikuwa mtu aliyezoea kuwaeleza wanafunzi wa kawaida jinsi viungo vinavyofanya kazi, na kupima leo ili alinganishe na kesho. Mwaka 1970 mwanafunzi wake alikimbia katika fainali ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, akawa wa nne. Waliporudi Kampala, mwalimu na mwanafunzi walikaa kuchunguza ni wapi muda ulipopotea.

Hesabu yenyewe inaweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa kidato cha kwanza. Kutoka kiunzi kimoja hadi kingine pana mita 35. Mwenye kuruka kwa kutanguliza mguu mmoja tu hulazimika kupiga hatua za idadi ya witiri, 13 au 15. Nguvu zikipungua asiweze tena hatua 13, hana budi kuingia 15, yaani hatua fupi fupi zinazoua mwendo. Lakini aliyejifunza kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, anaweza kupiga hatua 14, akapoteza kidogo tu. Akii-Bua alijifunza miguu yote miwili. Alifanya mazoezi akiwa amevaa fulana yenye uzito wa kilo 11 hivi, akiruka viunzi virefu kuliko vile vya mashindano yake, ili siku ya kuvua mzigo mwili ujione mwepesi. Ndiyo maana njia ya kwanza, yenye kona kali, haikumshinda. Alipofika Munich, mambo mengi yaliyowatia wengine mashaka yeye alikuwa amekwisha kuyatolea jasho katika vilima vya Kampala.

Kwa huzuni, historia haikuishia kwenye furaha ile. Katika miaka ya 1971 na 1972 askari wengi wa Lango na Acholi waliuawa katika kambi zao wenyewe, na Akii-Bua alikuwa mtu wa Lango. Mwezi wa Agosti 1972 ilitolewa amri ya kuwafukuza Waasia, na wageni wengi wenye ujuzi, waalimu wakiwamo, wakaondoka. Arnold naye aliondoka mwaka huo huo. Baadaye, huko Uingereza, aliwafundisha wakimbiaji wengine wa viunzi, na mmoja wao, Colin Jackson, aliweka rekodi ya dunia ya mita 110 mwaka 1993. Ujuzi uliokomaa Kampala ukawafaa watu wa mbali. Mwaka 1976 Uganda ilijiunga na mataifa ya Afrika yaliyosusia michezo ya Montreal, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Na huko Edwin Moses wa Marekani akaichukua rekodi ya Akii-Bua. Vita vilipofika Kampala mwaka 1979, bingwa huyo alikimbilia Kenya, akakaa katika kambi ya wakimbizi kabla ya kwenda Ujerumani. Alirudi katika miaka ya 1980, akawafundisha vijana wa polisi, na akafariki Kampala mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 47.

Yafaa ieleweke vizuri ni kitu gani kilichopotea katika miaka hiyo. Vipaji havikupotea, kwa maana vipaji huzaliwa kila siku. Kilichokatika ni mnyororo wa waalimu. Elimu iliyokuwa imekaa vichwani mwa watu wachache, katika kambi moja ya mji mmoja, haikuwa imeandikwa katika mitaala wala kufundishwa katika shule mia, na watu hao walipotawanyika, elimu ikatawanyika pamoja nao. Miaka 40 ilipita kabla ya wimbo wa taifa wa Uganda kusikika tena kwa ajili ya medali ya dhahabu ya Olimpiki.

Jirani wa mashariki alipita njia nyingine. Kenya nayo ilianzia kambini: Kipchoge Keino, bingwa wa Mexico mwaka 1968, alikuwa mkufunzi wa mazoezi ya viungo katika chuo cha polisi cha Kiganjo. Lakini mwaka 1976 mtawa mmoja wa shirika la mabruda kutoka Ireland, Bruda Colm O'Connell, aliwasili katika shule ya sekondari ya Mtakatifu Patrick, mjini Iten, kufundisha jiografia. Hakuwa na elimu kubwa ya riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wanafunzi wake na kuandika alichokiona. Kutoka shule hiyo alitoka Peter Rono, mshindi wa mita 1500 mjini Seoul mwaka 1988, na mikononi mwa bruda huyo huyo alikua David Rudisha, aliyeweka rekodi ya mita 800 mjini London mwaka 2012. Waalimu wengine walikwenda kujifunza kwake, na ujuzi ukaenea katika wilaya nzima. Mwalimu wa shule humpata kijana akiwa na miaka 14, na kila Januari huletewa wengine.

Katika michezo hiyo hiyo ya London, tarehe 12 Agosti 2012, Stephen Kiprotich alishinda marathoni na kuileta Uganda dhahabu yake ya pili. Naye alikuwa askari, wa Jeshi la Magereza, na ujuzi wa mbio ndefu alikwenda kuutafuta ng'ambo ya mpaka, upande wa Eldoret. Joshua Cheptegei, aliyevunja rekodi za dunia za mita 5000 na 10000 mwaka 2020, na kushinda dhahabu Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024, ni askari wa polisi. Wanawake nao hawakubaki nyuma: Dorcus Inzikuru alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za kuruka maji na viunzi mjini Helsinki mwaka 2005, na Peruth Chemutai alishinda mbio hizo hizo katika Olimpiki ya Tokyo, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu. Sare za vyombo vya usalama zinastahili sifa yake katika historia hii. Lakini sifa hiyo hiyo ni ushahidi kwamba, kwa vijana wengi, mlango wa elimu ya mwili umekuwa ukifunguka baada ya shule kwisha.

Mlango mwingine sasa umefunguliwa. Sera ya Taifa ya Elimu ya Viungo na Michezo ilitolewa mwaka 2004. Mwezi wa Februari 2020 ulizinduliwa mtaala mpya wa sekondari ya chini, na ndani yake Elimu ya Viungo ikawa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, pamoja na Kiswahili, lugha ambayo askari wa nchi hii wameitumia kwa zaidi ya karne moja. Kabla ya muhula wa kwanza kumalizika, ugonjwa wa korona ulizifunga shule, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024.

Somo hilo, likifundishwa inavyopasa, ni sayansi kamili, na vifaa vyake vya mwanzo ni rahisi. Mwanafunzi huweka vidole juu ya mkono wake, akahesabu mapigo ya moyo akiwa amekaa. Hukimbia dakika tano, akahesabu tena. Hungoja dakika moja, akahesabu mara ya tatu, kisha huandika. Baada ya majuma manane ya mazoezi huona kwa hesabu yake mwenyewe kwamba moyo unarudi katika utulivu mapema kuliko zamani. Hapo mwalimu wa viungo na mwalimu wa baiolojia hukutana. Mwanafunzi huyo, hata asipokuwa bingwa wa kitu chochote, atajua kwa nini mtu hupasha mwili joto kabla ya mbio, kwa nini anayefanya kazi juani hunywa maji kabla ya kiu kuzidi, na ni ishara gani zinazoonyesha kwamba mwenzake amezidiwa na joto na lazima asimamishwe. Elimu hii ya mwisho peke yake inaweza kuokoa uhai wa kuruti.

Vizuizi viko, wala havifichiki. Shule nyingi za Kampala zimebanwa na majengo, zikabaki na ua mdogo usiotosha hata mstari wa mbio fupi. Waalimu waliosomea kazi hiyo hawatoshi. Mtihani unapokaribia, kipindi cha viungo ndicho huchukuliwa kwanza na masomo mengine, na wazazi hufurahi, wakidhani mtoto ameongezewa elimu. Wazazi wengi wa namna hiyo wamo hata kambini, watu wanaojua kwa miili yao wenyewe thamani ya pumzi na misuli, lakini hawaulizi shuleni kama kipindi hicho kinafundishwa.

Vyombo vya usalama vina mengi ya kutoa. Vina viwanja ambavyo shule za jirani hazina, na vina wakufunzi waliokwisha kufundishwa namna ya kuongeza mzigo kwa kipimo. Palipo na maelewano kati ya mkuu wa kambi na mwalimu mkuu, uwanja unaolala tupu saa nane mchana unaweza kuwa darasa. Lakini mkufunzi anayevuka lango la shule hana budi kuiacha nyuma tabia moja: mazoezi yasitumiwe kuwa adhabu. Mtoto aliyerukishwa kichura kwa kuchelewa huondoka na somo moja tu, kwamba kuutumia mwili ni mateso. Naye akikua ataukimbia uwanja. Uingereza ilionywa hivyo na waalimu wake baada ya 1902, na hakuna haja ya Uganda kurudia kosa hilo.

Miongoni mwa watoto wanaokwenda shule leo kutoka kambi za Nsambya, Naguru, Luzira na Mbuya, wako wenye miguu mirefu na mapafu mazuri, na hapana mtu ajuaye ni nani. Akii-Bua alibahatika kukutana na Ochana, kisha na mwalimu mmoja wa shule aliyetoka ng'ambo. Taifa halina sababu ya kuendelea kutegemea bahati ya namna hiyo, ikiwa somo limekwisha kuandikwa katika mtaala na kipindi kimekwisha kupangwa katika ratiba. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba saa ya kipindi hicho ikifika, mwalimu yuko uwanjani na wanafunzi wako mbele yake, na daftari ziko wazi.